Kutoka Usimamizi wa Shule hadi Urais wa Jimbo: Ronald Ngala, Pwani ya Kenya na Funzo la Ugatuzi katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza safari ya Ronald Gideon Ngala (1923–1972), mwalimu na msimamizi wa shule kutoka Pwani ya Kenya aliyepata kuwa kiongozi wa chama cha KADU na, mwaka 1963, Rais wa Bunge la Jimbo la Pwani. Hoja yetu ni kwamba Ngala hakuingia siasa kwa kuiacha shule. Shule ndiyo iliyompa wapigakura, namna ya kusema, na hata picha ya jimbo alilolipigania. Lakini shule ya kikoloni ilikuwa na ufa: wenyeji waliichangia na kuisemea, ilhali mfuko mkuu na ajira ya walimu vilishikwa na wengine. Tunadai kwamba ufa huohuo uliingia katika jimbo na kulibomoa katika muda wa takribani miezi 18. Makala yanahitimisha kwa kueleza kwa nini funzo hili linawahusu washauri wa sera wanaojadili leo, kwa Kiswahili, mamlaka ya wenyeji juu ya shule zao.

1.0 Utangulizi

Kinyinya ni mojawapo ya sekta za Wilaya ya Gasabo katika Jiji la Kigali. Ni eneo lililokua haraka: vilima vya Kagugu na Gacuriro, ambavyo wazee wa hapa wanavikumbuka vikiwa mashamba, leo vimejaa nyumba, maduka na shule. Kila muhula wazazi huitwa shuleni. Huko huulizwa kuhusu chakula cha mchana cha wanafunzi, madarasa, vyoo na utoro. Mzazi anayesimama akauliza vizuri hukumbukwa, na anayejibu vizuri hukumbukwa zaidi. Mkutano huo hauitwi wa siasa. Hata hivyo, ndimo wakazi wengi wanamojifunza kwa mara ya kwanza namna ya kudai hesabu, kumchagua mwenzao awasemee na kupokea uamuzi wasioupenda.

Swali linalotushughulisha limetokana na mikutano ya aina hiyo. Mtu aliyelelewa kisiasa na shule anapopanda hadi kuongoza eneo kubwa, anachukua nini kutoka shuleni, na kinamfaa kwa kiasi gani? Swali hili haliwezi kujibiwa vyema kwa kutazama mambo ya jana na juzi. Linahitaji mfano ambao mwanzo, kilele na mwisho wake vinajulikana. Mfano huo tunaupata kwa jirani, katika Pwani ya Kenya kati ya miaka ya 1940 na 1972.

Ipo sababu ya pili ya kwenda Pwani kutafuta funzo la Kigali. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 ilikifanya Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha zake rasmi. Maana yake ni kwamba mijadala ya ugatuzi, iliyokuwa ikiendeshwa hapa kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, sasa inaanza pia kuendeshwa kwa Kiswahili. Maneno tunayoyaazima kwa kazi hiyo, kama vile jimbo, mkoa, baraza na msimamizi, si maneno matupu. Kila moja lina historia yake, na historia ya neno jimbo kwa kiasi kikubwa ni historia ya Ngala.

2.0 Shule kama uwanja wa siasa katika Kenya ya kikoloni

Ili kumwelewa Ngala, ni lazima kwanza tueleze ni mamlaka gani Mwafrika aliruhusiwa kuwa nayo katika Kenya ya wakati ule. Hadi Oktoba 1944, alipoteuliwa Eliud Mathu, hakukuwa na Mwafrika hata mmoja katika Baraza la Kutunga Sheria. Vyama vya siasa viliwekewa mipaka na mara nyingine kupigwa marufuku. Baada ya Hali ya Hatari kutangazwa Oktoba 1952, vyama vya Waafrika vya nchi nzima havikuruhusiwa tena. Viliporuhusiwa kuanzia mwaka 1955, vilitakiwa viwe vya wilaya tu.

Njia iliyobaki wazi ilikuwa ya chini kwa chini, nayo ilipitia shuleni. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920, Mabaraza ya Wenyeji yaliruhusiwa kutoza ushuru kwa matumizi ya wilaya, na elimu ikawa miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo wajumbe walitaka kuyagharimia. Mwaka 1934 ziliundwa Bodi za Elimu za Wilaya, ambamo maofisa wa serikali, wamisionari na wajumbe wa Mabaraza ya Wenyeji waliketi meza moja kujadili mahali pa kujenga shule na namna ya kugawa ruzuku. Bodi hizi hazikuwa na madaraka makubwa. Lakini zilikuwa miongoni mwa vikao vichache ambamo Mwafrika aliweza kubishana na mzungu juu ya fedha, kwa hoja na takwimu, bila kuhesabiwa kuwa mchochezi.

Kwa upande wa Wakikuyu, ugomvi na misheni ulizaa shule za kujitegemea, na mwaka 1939 Mbiyu Koinange akafungua chuo cha ualimu cha Githunguri. Jomo Kenyatta aliporejea kutoka Uingereza mwaka 1946, alikwenda kuongoza chuo hicho. Kwa hiyo pande zote mbili za mabishano ya majimbo ya miaka ya 1960 ziliongozwa na watu wa shule. Tofauti ni kwamba mmoja aliongoza shule iliyojitenga na serikali, na mwingine alikulia katika shule iliyoishi kwa ruzuku ya serikali na malezi ya misheni. Tutaona kwamba tofauti hii haikuwa ndogo.

Hatua ya tatu ilikuja na ripoti ya kamati ya Leonard Beecher ya mwaka 1949. Waafrika wengi waliipinga kwa sababu ilionekana kuwazuia watoto wengi wasivuke miaka minne ya mwanzo ya masomo. Lakini jambo moja ndani yake liliwainua walimu wachache Waafrika: ripoti ilisisitiza kwamba shule zisimamiwe kwa karibu zaidi, na usimamizi huo ukahitaji watu wa kuzunguka shule kwa shule. Msimamizi wa shule hakuwa mdhamini wa mali ya shule kisheria, wala hakuwa mwalimu wa darasa moja. Alikuwa mtu wa kati. Aliipelekea bodi maneno ya wazazi, akawarudishia wazazi maamuzi ya bodi, na akiwa njiani alisikiliza malalamiko ya walimu kuhusu mishahara na uhamisho. Kwa maneno mengine, alifanya kazi ya mbunge kabla ya kuwapo kiti cha ubunge.

3.0 Ngala: mwalimu, msimamizi, mwandishi

Ngala alizaliwa mwaka 1923 katika nchi ya Wagiriama, eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Kilifi. Alisoma katika shule ya misheni ya Kaloleni, akaendelea hadi Alliance na kisha Makerere, alikopata stashahada ya ualimu. Njia hiyo ilipitwa na wachache mno katika kizazi chake, na kwa mtoto wa bara ya Pwani ilikuwa nyembamba zaidi. Alirudi kufundisha Kaloleni, akaongoza shule huko Mbale katika nchi ya Wataita, kisha akaongoza shule ya Buxton mjini Mombasa. Baadaye akawa msimamizi wa shule. Katika kipindi hicho aliingia pia katika baraza la mji wa Mombasa.

Tukiyatazama majina ya mahali alipofanyia kazi, tunaona kitu ambacho wasifu wake wa kisiasa mara nyingi hukiruka. Kaloleni ilimpa Wagiriama, Mbale ikampa Wataita, na Buxton ikampa Mombasa, mji wenye Waswahili, Waarabu, Wahindi na wafanyakazi wa bandari waliotoka kila pembe ya Kenya. Mwanasiasa wa Pwani aliyetaka kusikilizwa zaidi ya ukoo wake alihitaji madaraja ya namna hii. Ngala hakuyajenga kwa kampeni. Aliyajenga kwa kupangiwa shule.

Mwaka 1949 alichapisha kitabu kidogo, Nchi na Desturi za Wagiriama, kupitia Eagle Press. Mwaka mmoja kabla, East African Literature Bureau ilikuwa imeanzishwa kwa ajili ya kuwapatia Waafrika vitabu vya kusoma. Kwa mtafiti wa lugha, kitabu hiki kina umuhimu unaozidi maudhui yake. Kinazungumza juu ya jamii moja, lakini kwa Kiswahili, lugha ya wote. Mwandishi angeweza kuchagua Kigiriama ili asomwe na wenyewe tu, au Kiingereza ili asomwe na watawala. Alichagua lugha ambayo Mtaita, Mdigo na Mswahili wa Mombasa wangeweza kuisoma bila mkalimani.

Tunaisoma hatua hiyo kama kielelezo cha fikra yake yote ya baadaye. Jamii ndogo ina haki ya kujieleza na kuheshimiwa ilivyo, lakini ijieleze mbele ya majirani kwa lugha wanayoshirikiana. Miaka kumi na minne baadaye, jimbo lake lingejengwa juu ya wazo hilohilo.

4.0 Mtandao wa shule unageuka kuwa kura, 1957–1961

Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa 8 tu. Haki ya kupiga kura haikuwa sawa kwa wote: mpigakura alipimwa kwa elimu, kipato au mali, umri na utumishi, na aliyetimiza masharti mengi aliweza kuwa na kura hadi 3. Ngala alichaguliwa kuwakilisha Pwani.

Utaratibu huu wa kura una maana kubwa kwa hoja yetu. Mahali ambapo elimu na utumishi huhesabiwa kuwa sifa za mpigakura, walimu, makarani, wazee wa mabaraza na wahitimu wa shule za misheni wanakuwa kundi lenye uzito usiolingana na idadi yao. Hao ndio watu ambao msimamizi wa shule aliwafahamu kwa majina. Si ajabu basi kwamba miongoni mwa waliochaguliwa mwaka ule walikuwamo watu kadhaa waliowahi kushika chaki: Daniel arap Moi wa Bonde la Ufa, Masinde Muliro wa Nyanza ya Kaskazini, Oginga Odinga wa Nyanza ya Kati, na Ngala mwenyewe. Ng'ambo ya mpaka, Julius Nyerere alikuwa ameacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU. Mwalimu aliyekuwa mwanasiasa hakuwa kioja. Alikuwa zao la kawaida la utaratibu ambao haukuacha mlango mwingine.

Ngala alipanda upesi. Katika mkutano wa Lancaster House mjini London, Januari na Februari 1960, ndiye aliyeuongoza ujumbe wa wawakilishi Waafrika, Tom Mboya akiwa katibu. Mwaka huohuo akawa Waziri wa Kazi, Ustawi wa Jamii na Elimu ya Watu Wazima. KANU ilipoundwa Mei 1960, alichaguliwa kuwa mweka hazina akiwa hayupo, lakini hakukikubali cheo hicho. Mwezi uliofuata, yeye, Muliro, Moi na wenzao walikutana Ngong na kuunda KADU, muungano wa vyama vilivyohofia kwamba jamii kubwa zingeimeza Kenya huru. Ngala akawa rais wake.

Uchaguzi wa Februari 1961 ulifuata masharti mapana zaidi. Miongoni mwa sifa za mpigakura ilikuwamo kujua kusoma na kuandika lugha yake mwenyewe, hivyo shule ya msingi sasa ilitosha. KANU ilipata viti 19 na KADU 11. KANU ilikataa kuunda serikali kabla ya Kenyatta kuachiliwa, na Aprili 1961 KADU ikakubali kuiunda kwa msaada wa wanasiasa wa kizungu na Kiasia, Ngala akiwa Kiongozi wa Shughuli za Serikali. Uamuzi huo ulimgharimu. Wapinzani wake walimwita kibaraka wa walowezi, na tuhuma hiyo ikamfuata hadi katika vitabu vya historia.

Hatuna haja ya kumsafisha, wala ya kumtwisha zaidi ya alichobeba. KADU ilisaidiwa kweli na wazungu waliokuwa na maslahi yao katika ardhi. Lakini kumweleza Ngala kwa msaada huo peke yake ni kusahau alikotoka. Mtu aliyefanya kazi maisha yake yote ndani ya bodi ambamo mzungu, mmisionari na mzee wa kijiji waliketi pamoja, hakuona ajabu kuunda serikali ya namna hiyo. Aliyetoka Githunguri aliona ajabu. Hapa ndipo tofauti ya shule mbili tulizozitaja ilipojitokeza hadharani.

5.0 Jimbo: neno na mamlaka

Mwishoni mwa mwaka 1961 KADU ilitangaza mpango wake wa katiba ambao kila Mkenya aliujua kwa neno moja: majimbo. Neno lenyewe halikuwa geni. Katika Tanganyika ya Waingereza, jimbo lilikuwa eneo la utawala lililo juu ya wilaya, kabla ya mikoa kuchukua nafasi hiyo baada ya uhuru. Leo Tanzania inalitumia zaidi kwa eneo la uchaguzi wa mbunge. Mashariki mwa Kongo jimbo ndilo jina la kawaida la maeneo kama Kivu Kaskazini. Hapa Rwanda, ambako intara zilipangwa upya mwaka 2006 zikawa nne pamoja na Jiji la Kigali, waandishi wa Kiswahili huyumba kati ya jimbo na mkoa. Ni nchini Kenya pekee ambako neno hili, likiwa katika wingi, lilipata maana ya itikadi: mtu aliweza kuwa wa majimbo au dhidi ya majimbo.

Mpango uliojadiliwa Lancaster House mwaka 1962, wakati Ngala na Kenyatta walipoingia wote katika serikali ya mseto, uligawa nchi katika majimbo saba pamoja na eneo la Nairobi. Kila jimbo lilipewa bunge lake, na katiba ya 1963 ikayapa majimbo madaraka juu ya mambo kadhaa ya karibu na wananchi, ikiwemo elimu ya msingi. Katika uchaguzi wa Mei 1963 KANU ilishinda nchi, lakini KADU ikashinda Pwani na Bonde la Ufa. Ngala akawa Rais wa Bunge la Jimbo la Pwani huku akiongoza upinzani bungeni Nairobi. Moi akashika urais wa jimbo la Bonde la Ufa.

Jimbo la Pwani lilikuwa jambo gumu kuliko majimbo mengine kwa sababu ya mwambao. Ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulihesabiwa kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar, ukitawaliwa na Uingereza kwa mkataba wa 1895. Wapo waliotaka mwambao uwe na mamlaka yake. Ngala alilikataa hilo, na sababu yake inaeleweka: mwambao uliojitenga ungewaacha Wamijikenda na Wataita na bara kavu, bila bandari ya Mombasa. Ripoti ya James Robertson ya mwaka 1961 ilipendekeza ukanda huo uunganishwe na Kenya, na Oktoba 1963 makubaliano yakafikiwa. Kenyatta na Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, waliandikiana barua za kuhakikisha uhuru wa dini, mahakama za kadhi, hati za ardhi na mafunzo ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu.

Tuzingatie kwamba hata katika makubaliano hayo makubwa, shule ilipewa kifungu chake. Watu wa Pwani waliokuwa wakiiogopa Nairobi hawakuomba jeshi. Waliomba kadhi wao, ardhi yao na mwalimu wao. Ngala alilijua hilo kuliko wengi. Jimbo alilolitetea lilifanana sana na wilaya ya shule iliyopanuliwa: mipaka inayojulikana, kikao cha wenyeji wa mchanganyiko, madaraka juu ya mambo ya karibu, na serikali kubwa iliyo mbali inayotarajiwa kuleta ruzuku kwa wakati.

6.0 Ruzuku isiyofika

Matarajio hayo ya mwisho ndiyo yaliyoliangusha jimbo. Katiba ilitaja mapato ya majimbo, lakini mkusanyaji na mgawaji mkuu alibaki kuwa Serikali Kuu, na Serikali Kuu ilikuwa mikononi mwa chama kilichoapa kuyaondoa majimbo. Ukabidhi wa kazi na fedha ulicheleweshwa na haukukamilika kamwe. Mkutano wa London wa Septemba na Oktoba 1963 ulirekebisha katiba kabla hata ya uhuru, ukaiongezea Nairobi nguvu juu ya polisi na utumishi wa umma na kurahisisha mabadiliko ya baadaye.

Mwalimu yeyote aliyefanya kazi chini ya bodi ya wilaya angeitambua hali hiyo. Wazazi wamekwisha kujenga kuta kwa jasho lao, bati halijaja. Bodi imekwisha kupitisha uamuzi. Barua ya kumwajiri mwalimu haijaja. Hakuna aliyekataa. Kimya chenyewe ndicho jibu.

Mwaka 1964 wabunge wa KADU walianza kuvuka mmoja mmoja kwenda KANU, na serikali ikatishia kura ya maoni endapo mabadiliko ya katiba yangekwama. Tarehe 10 Novemba 1964 KADU ilivunjwa kwa hiari na Ngala akawaongoza wenzake kujiunga na serikali. Tarehe 12 Desemba Kenya ikawa jamhuri, na majimbo yakageuka mikoa inayotawaliwa kutoka juu.

Wapo wanaoiona siku hiyo ya Novemba kama usaliti, na wapo wanaoiona kama hekima. Sisi tunaiona kama uamuzi wa msimamizi wa shule. Alipoona kwamba kikao chake hakina mfuko, alikwenda kuketi karibu na mfuko ili watu wake wasikose kabisa. Katika mkutano wa Limuru wa Machi 1966, KANU iliweka makamu wa rais wa chama kwa kila mkoa, na Ngala akachaguliwa wa Pwani. Mwaka huo aliingia katika Baraza la Mawaziri, na alibaki waziri hadi alipofariki Desemba 1972 kufuatia ajali ya barabarani. Mkoa ulikuwa umepata msemaji ndani ya chama, lakini haukuwa na bajeti ya kuiamulia. Hiyo ndiyo hali aliyoianza nayo katika miaka ya 1950, kabla ya safari yote.

Shule nazo zilifuata njia hiyohiyo. Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa mwaka 1967 iliweka ajira ya walimu wote wa umma chini ya chombo kimoja cha taifa. Walimu wengi waliifurahia, kwani iliwapa mshahara wa uhakika na kuwaepusha na ubabe wa misheni na wilaya. Si haki kuieleza kama hasara tupu. Lakini ilihitimisha enzi ambayo kikao cha wilaya kiliweza kujidai kwamba shule ni yake.

Tuongeze jambo moja la lugha. Kiswahili kiliruhusiwa katika Bunge la Kenya Julai 1974, mwaka mmoja na nusu baada ya kifo cha Ngala. Mtu aliyeiandika jamii yake kwa Kiswahili mwaka 1949 aliitetea miaka 15 bungeni kwa Kiingereza. Wazazi wa Kaloleni na Mbale waliomchagua hawakuweza kumsikiliza kwa lugha ambayo aliwahutubia nayo shuleni mwao. Umbali kati ya kikao cha wazazi na bunge haukuwa wa kilomita tu.

7.0 Hitimisho: funzo kwa vikao vya leo

Kenya ilirudi kwenye wazo la ugatuzi katika Katiba ya 2010, iliyounda kaunti 47. Wengi wanasema kwamba Ngala alithibitishwa kuwa sahihi. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Waandishi wa katiba mpya walikiona kile kilicholiua jimbo, ndiyo maana waliweka sharti kwamba kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mfuko, kwa kiasi hicho, ulilindwa. Lakini kwa upande wa shule, kaunti zilipewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari, pamoja na walimu wake, zilibaki mikononi mwa Serikali ya Taifa. Kaunti ya Kilifi ya leo ina fedha ambazo Jimbo la Pwani halikuwahi kuzishika, lakini haina juu ya shule ya msingi ya Kaloleni madaraka ambayo jimbo liliahidiwa mwaka 1963.

Kutokana na historia hii tunawatolea washauri wa sera mapendekezo matatu. Kwanza, kabla ya kuuliza ni madaraka gani kikao cha wenyeji kipewe, iulizwe ni nani anayeandika hundi na ni nini kinachomzuia asichelewe. Kikao kinachowajibika kwa kisichokuwa nacho hulea wasemaji hodari, lakini hakilei watendaji. Pili, maneno ya utawala yatafsiriwe kwa uangalifu. Mshauri anayeandika jimbo mjini Kigali anasomwa Nairobi kama mtetezi wa itikadi, Dodoma kama mtu anayezungumzia ubunge, na Goma kama mtu anayetaja mkoa wake. Jumuiya inahitaji orodha ya pamoja ya istilahi za utawala wa mitaa, na vyombo vya Kiswahili vya kanda vinafaa kuianza kazi hiyo. Tatu, lugha ya kikao cha wazazi iruhusiwe kupanda ngazi pamoja na hoja zao. Hoja inayobadilishwa lugha katika kila hatua hufika juu ikiwa imepungua.

Turudi Kinyinya. Wazazi wa Rwanda wanajua kujenga: kuanzia mwaka 2009, elimu ya msingi ya miaka tisa ilipopanuliwa, madarasa mengi yaliinuliwa kwa nguvu za wananchi wenyewe. Anayesimama leo katika mkutano wa shule huko Kagugu na kuuliza kuhusu chakula cha watoto anafanya kile ambacho wazazi wa Kaloleni walikifanya mbele ya Mwalimu Ngala. Jibu analostahili ni zaidi ya ahadi nzuri ya mtu anayejua kusema. Anastahili kuambiwa ni kiasi gani kimetengwa, kimeshikwa na nani, na kitafika lini. Pwani ya Kenya ilipata msemaji bora kuliko wengi wa wakati wake, na ikakosa majibu hayo matatu.